Mishahara ya Besiboli: Nani Mwenye Haki ya Kupanga Bei?

Desemba 2024 Juan Soto, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika, alisaini mkataba wa miaka 15 na klabu ya New York Mets wenye thamani ya dola milioni 765. Mwaka mmoja kabla yake, Shohei Ohtani wa Japani alikuwa amesaini na Los Angeles Dodgers kwa dola milioni 700. Mtu akishazisikia namba hizo, halafu aambiwe kwamba wachezaji wa besiboli ya kulipwa Marekani wana chama cha wafanyakazi, na kwamba tangu mwaka 1972 kazi imesimama mara tisa, tano kwa mgomo wao na nne kwa wamiliki kuwafungia milango, ni rahisi kuona huo ni ugomvi wa matajiri wanaogawana keki. Ndivyo Wamarekani wengi wanavyouona. Lakini historia ya migogoro hiyo, ukiifuata tangu mwanzo wake, inaonyesha kwamba kiasi cha fedha kimekuwa jambo la pili. La kwanza ni nani apange bei ya kazi ya mchezaji: wamiliki waliokubaliana wao kwa wao, au mwenye kazi yake akiwa huru kuzungumza na yeyote anayeihitaji. Kila mara wamiliki wamedai kwamba uhuru huo utauua mchezo. Kila mara mchezo haukufa. Na waliobaki bila uhuru huo hadi leo ndio hasa wanaolipwa kidogo.

Chanzo ni makubaliano ya mwaka 1879. Wamiliki wa klabu za National League walikubaliana kwa siri kwamba kila klabu iteue wachezaji watano ambao klabu nyingine haitawagusa. Katika miaka ya 1880 kanuni hiyo ilipanuliwa hadi ikawafunika karibu wachezaji wote, ikaandikwa katika mikataba yao. Msomaji aliyezoea soka ataielewa haraka akikumbuka hali ilivyokuwa kabla ya hukumu ya Bosman ya mwaka 1995, pale klabu za Ulaya zilipoweza kudai ada kwa mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha. Ya besiboli ilikuwa kali zaidi. Mkataba wa mwaka mmoja ukiisha, klabu iliuongeza kwa uamuzi wake yenyewe, na mwaka uliofuata ikauongeza tena, mpaka mchezaji auzwe, abadilishwe na mwingine, au aachwe. Klabu iliweza kumwacha kwa notisi ya siku 10, ilhali yeye asingeweza kuihama klabu maisha yake yote isipokuwa kwa kuacha besiboli. Mapema kabisa alitokea mtu wa kupinga. John Montgomery Ward, mchezaji nyota aliyesomea sheria katika Chuo cha Columbia, aliunda chama cha kwanza cha wachezaji mwaka 1885, na mwaka 1890 akawaongoza wenzake kuanzisha ligi yao wenyewe. Ligi hiyo ilidumu msimu mmoja tu, kwa sababu wafadhili wake walikata tamaa na kwenda kupatana na wamiliki wa zamani.

Kilichoipa kanuni hiyo umri mrefu ni mahakama. Marekani ina sheria kali dhidi ya wafanyabiashara wanaokubaliana kuua ushindani, na makubaliano ya kutogombea wafanyakazi yangeingia humo moja kwa moja. Lakini mwaka 1922 Mahakama ya Juu, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Oliver Wendell Holmes bila jaji hata mmoja kupinga, iliamua kwamba mechi za besiboli si biashara baina ya majimbo, kwa hiyo sheria ya ushindani haizigusi. Uamuzi huo ulizeeka vibaya. Redio ilikuja, televisheni ikaja, klabu zikawa zinauza matangazo nchi nzima, na bado mwaka 1953 mahakama hiyo hiyo ilikataa kuufuta, ikisema kazi hiyo ni ya Bunge. Mwaka 1957 ilitamka wazi kwamba mpira wa miguu wa Kimarekani hauna kinga kama hiyo. Besiboli peke yake, kati ya michezo yote ya kulipwa, iliachwa ikiwa na ruhusa ya kufanya ambalo mfanyabiashara mwingine angeshtakiwa kwalo. Anayesema kwamba mishahara midogo ya zama hizo ilikuwa bei ya soko anasahau jambo hili: soko lilikuwa limefungwa, na ufunguo walikuwa nao wanunuzi.

Aliyejaribu kulifungua ni Curt Flood. Alikuwa Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Houston na kukulia Oakland, mlinzi wa uwanja wa kati wa St. Louis Cardinals, mshindi wa tuzo ya ulinzi bora miaka saba mfululizo, akilipwa dola 90,000 kwa mwaka. Oktoba 1969, baada ya misimu 12 na Cardinals, alipigiwa simu kuambiwa kwamba amebadilishwa na kupelekwa Philadelphia. Hakuulizwa. Tarehe 24 Desemba mwaka huo alimwandikia barua Kamishna wa besiboli, Bowie Kuhn, akimweleza kwamba hajioni kuwa kipande cha mali kinachonunuliwa na kuuzwa bila kujali matakwa yake, na kwamba anataka kusikiliza klabu nyingine kabla ya kuamua. Kuhn alikataa, Flood akaenda mahakamani. Wengi walimshangaa: mtu anayelipwa mara nyingi zaidi ya mwalimu au fundi analalamika nini? Flood alishikilia kwamba mshahara mkubwa haugeuzi asili ya jambo. Anayelipwa vizuri lakini hana ruhusa ya kuondoka bado hana ruhusa ya kuondoka. Wakati wa ushahidi mwaka 1970, Jackie Robinson, aliyevunja ubaguzi wa rangi katika ligi kuu mwaka 1947, alifika kumuunga mkono. Hakuna mchezaji hata mmoja aliyekuwa bado kazini aliyefika. Waliogopa, na walikuwa na sababu ya kuogopa. Juni 1972 Flood alishindwa kwa kura tano dhidi ya tatu, huku Mahakama ya Juu ikikiri kwamba kinga ya besiboli ni kitu kisicho cha kawaida, na ikairudisha tena kwa Bunge. Alipoteza msimu mzima wa 1970, akacheza mechi 13 tu mwaka 1971, na kipaji chake kikaishia hapo.

Njia ambayo mahakama iliifunga ilifunguliwa kwa mkataba wa hali bora. Mwaka 1966 wachezaji walimchagua Marvin Miller kuongoza chama chao. Alitoka chama cha wafanyakazi wa chuma, akaujua ufundi wa majadiliano kuliko mmiliki yeyote aliyekaa naye mezani. Alikuta kima cha chini cha mshahara ni dola 6,000 kwa mwaka. Mkataba wa 1968, wa kwanza wa aina yake katika michezo ya kulipwa ya Marekani, ulikipandisha hadi dola 10,000. Wakati huo habari hiyo ndiyo iliyovuma. Jambo kubwa zaidi lilipatikana mwaka 1970 karibu kimyakimya: malalamiko ya mchezaji hayataamuliwa tena na Kamishna, ambaye aliajiriwa na wamiliki, bali na msuluhishi huru. Hapo ndipo uzito wa historia nzima ulipohamia upande wa pili. Mwaka 1975 warushaji wawili, Andy Messersmith wa Dodgers na Dave McNally wa Montreal Expos, walikataa kusaini mikataba mipya, klabu zikaiongeza mikataba ya zamani kama zilivyozoea. Kipengele kilichoziruhusu kilisema mkataba unaweza kuongezwa kwa muda wa mwaka mmoja kwa masharti yale yale. Wamiliki walidai kwamba masharti yale yale yanajumuisha kipengele chenyewe, kwa hiyo nyongeza huzaa nyongeza milele. Miller alisema mwaka mmoja ni mwaka mmoja. Msuluhishi Peter Seitz aliwasihi wamiliki wajadiliane kabla hajatoa uamuzi; walikataa. Tarehe 23 Desemba 1975 alimpa Miller ushindi, na wamiliki wakamfukuza kazi papo hapo. Walikata rufaa mahakamani, wakashindwa. Kanuni iliyokuwa imeishi miaka 96 ilianguka kwa kusomwa tu kama ilivyoandikwa.

Baada ya uamuzi huo kuna tukio ambalo, kwa maoni yangu, linafichua kuliko hotuba zote za pande mbili. Charlie Finley, mmiliki wa Oakland Athletics, aliwapendekezea wenzake wawaache wachezaji wote wawe huru kila mwaka. Miller baadaye alieleza kwamba hilo ndilo alilolihofia. Soko likifurika mamia ya wachezaji kila msimu, bei ya kila mmoja ingeshuka. Wakiwa wachache, wangegombewa. Wamiliki hawakumsikiliza Finley. Walishikilia kubaki na mchezaji kwa miaka mingi iwezekanavyo, na katika mkataba wa 1976 Miller akakubali kwa utulivu kwamba mchezaji awe huru baada ya kutimiza miaka sita katika ligi kuu. Kama lengo lao lingekuwa kupunguza gharama, wangemfuata Finley. Walichokuwa hawawezi kukiachia ni mamlaka juu ya mtu, hata pale mamlaka hayo yalipowagharimu. Na yaliwagharimu sana: wastani wa mshahara, uliokuwa kama dola 51,000 mwaka 1976, ulipita dola 140,000 mwaka 1980, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukavuka milioni moja.

Je, mchezo ulikufa? Mwaka 1975, mwaka wa mwisho wa kanuni ya zamani, watazamaji waliolipa viingilio katika ligi kuu walikuwa kama milioni 30. Mwaka 1993 walikuwa kama milioni 70. Ligi ilikuwa imeongezeka kutoka timu 24 hadi 28, hilo ni kweli, lakini timu nne haziwezi kuzaa watazamaji milioni 40. Wapo wanaojibu kwamba watazamaji si kipimo. Kipimo ni usawa wa timu, maana klabu tajiri zikiachiwa zitanunua kila nyota na mji mdogo hautashinda kamwe. Hiyo ndiyo hoja kongwe kuliko zote, nayo inasikika vizuri mpaka uifungue historia. Kati ya 1949 na 1964, katika misimu 16, New York Yankees walicheza fainali ya World Series mara 14. Zama hizo ndizo kanuni ya kumfunga mchezaji ilipokuwa na nguvu zote. Mchumi Simon Rottenberg alieleza sababu yake katika makala ya mwaka 1956 ambayo bado inasomwa: mchezaji huishia mahali anapoingiza fedha nyingi zaidi, awe amefungwa au awe huru, kwa kuwa klabu ndogo inayommiliki itamuuza kwa klabu kubwa ikipata bei nzuri. Kinachobadilika ni mfuko unaoipokea bei hiyo. Akiwa amefungwa, inaingia kwa mmiliki. Akiwa huru, inaingia kwake.

Sitaificha nguvu ya hoja hiyo kwa hali ya sasa. Dodgers wametwaa ubingwa wa 2024 na 2025 mfululizo, jambo ambalo hakuna timu iliyolifanya tangu Yankees wa 1998 hadi 2000, na bajeti yao ya mishahara ni zaidi ya dola milioni 300 huku klabu kadhaa zikitumia chini ya milioni 100. Pengo hilo ni kubwa na linawaumiza mashabiki wa miji kama Pittsburgh. Lakini katika msimu huo huo wa 2025, Mets wa Juan Soto, walio katika tabaka lile lile la matumizi, hawakufuzu hata hatua ya mtoano, na timu iliyoshinda mechi nyingi kuliko zote katika msimu wa kawaida ilikuwa Milwaukee Brewers, kutoka mji ulio miongoni mwa midogo kabisa yenye timu. Fedha husaidia, haihakikishi. Tena mwaka 2018 Chama cha Wachezaji kiliwasilisha malalamiko dhidi ya klabu nne, Pittsburgh, Miami, Oakland na Tampa Bay, kikidai kwamba hazitumii ipasavyo fedha zinazogawiwa kutoka kwa klabu tajiri kwa ajili ya kuimarisha timu. Penye klabu inayopokea mgao na kuacha kikosi chake dhaifu, kosa haliwezi kuwa la mchezaji anayelipwa vizuri mji mwingine.

Wamiliki wenyewe walithibitisha kwamba bei ya soko huwa juu kwa sababu wao wanamhitaji mchezaji. Katikati ya miaka ya 1980, baada ya kushindwa mezani, waliamua chini kwa chini kutogombea wachezaji huru. Majira ya baridi ya 1985 Kirk Gibson, nyota wa Detroit, alijikuta hana anayemtaka. Mapema mwaka 1987 Andre Dawson alikwenda Chicago Cubs na mkataba ambao nafasi ya mshahara ilikuwa tupu, akawaambia wajaze namba wanayotaka. Waliandika dola 500,000, pungufu sana ya alicholipwa kabla, naye mwaka huo huo akawa Mchezaji Bora wa ligi yake. Hakuna soko halali ambalo mchezaji wa kiwango hicho anaomba kazi kwa karatasi tupu. Wasuluhishi wawili huru waliamua kwamba wamiliki walikula njama kinyume cha mkataba, na mwaka 1990 wamiliki walikubali kulipa dola milioni 280. Fidia hiyo ndiyo ushahidi ninaoutegemea zaidi, maana kama mishahara ingekuwa ni ukichaa wa wachezaji na mawakala wao, isingehitajika njama ya kuishusha. Ingetosha kila mmiliki kusema hapana kwa wakati wake.

Kutokuaminiana huko ndiko kulikozaa mgogoro mbaya kuliko yote. Mwaka 1994 wamiliki walitaka ukomo wa mishahara, wakisema bila huo klabu nyingi zitafilisika. Kamishna Fay Vincent walikuwa wamemng'oa mwaka 1992, na nafasi yake ilikaimiwa na mmoja wao, Bud Selig wa Milwaukee. Wachezaji waligoma tarehe 12 Agosti. Tarehe 14 Septemba msimu ulifutwa pamoja na World Series, ambayo haikuwa imekosekana tangu 1904, ikiwa imepita salama katika vita viwili vya dunia. Desemba wamiliki walitangaza kwamba majadiliano yamekwama, wakaweka ukomo huo kwa nguvu, kisha wakaanza kuandaa timu za wachezaji wa kujazia. Peter Angelos, mmiliki wa Baltimore Orioles, alikataa kushiriki. Tarehe 31 Machi 1995 jaji wa mahakama ya shirikisho mjini New York, Sonia Sotomayor, ambaye baadaye aliingia Mahakama ya Juu, aliwaamuru wamiliki warudishe masharti ya mkataba wa zamani, na mgomo wa siku 232 ukaisha. Sasa tuangalie ile habari ya kufilisika. Angelos na washirika wake walikuwa wameinunua Orioles mwaka 1993 kwa dola milioni 173. Familia yake iliiuza mwaka 2024 kwa dola bilioni 1.725. Katika miaka hiyo yote hapakuwa na ukomo wa mishahara, na Baltimore si mji tajiri. Biashara inayokua mara kumi mikononi mwa mtu haiwezi kuitwa biashara inayouawa na mishahara.

Wapo wanaosema: fahali wawili wakipigana, ziumiazo nyasi. Hoja hii ni ya haki na inastahili jibu lisilo la kukwepa. Mwaka 1994 walioumia ni wauza vyakula viwanjani, walinzi, wenye migahawa ya jirani, na miji kama Montreal. Expos walikuwa na rekodi bora kuliko timu zote siku mgomo ulipoanza, ushindi mara 74 na kushindwa mara 40. Walivunjwa baada ya hapo, mashabiki wakapungua, na mwaka 2005 klabu ikahamia Washington. Nchi nzima mahudhurio ya mwaka 1995 yalishuka kwa takriban asilimia 20. Wachezaji wanabeba sehemu ya lawama hiyo, na chama chao hakijawahi kuwa na mpango wa maana wa kuwalinda vibarua wa viwanjani pale kazi inaposimama, upungufu ambao chama cha wafanyakazi hakipaswi kuwa nao. Lakini hoja hiyo ikitumiwa kuwataka wachezaji tu waache kudai, inakuwa ni kumwambia dhaifu ampishe mwenye nguvu ili amani iwepo. Wamiliki nao wana njia ya kuifungua milango kesho asubuhi, na mara nne wameifunga wao. Ya mwisho ilianza tarehe 2 Desemba 2021. Kamishna Rob Manfred alisema wamewafungia wachezaji ili kuharakisha majadiliano. Zikapita siku 43 kabla ligi haijaleta pendekezo lake la kwanza.

Kufungiwa huko, kulikodumu siku 99, kulihusu zaidi watu ambao vyombo vya habari huwataja kidogo: vijana wa miaka yao ya mwanzo. Ile miaka sita ya 1976 bado ipo. Katika mitatu ya kwanza klabu humlipa mchezaji karibu na kima cha chini, inavyotaka. Katika mitatu inayofuata anaweza kwenda kwa msuluhishi. Baada ya hapo ndipo anakuwa huru. Paul Skenes wa Pittsburgh, aliyetwaa tuzo ya mrushaji bora wa National League mwaka 2025, mshahara wake wa msimu huo ulikuwa chini ya dola milioni moja. Na saa ya kuhesabu miaka iko mikononi mwa klabu. Mwaka mmoja wa huduma ni siku 172. Mwaka 2015 Chicago Cubs walimwacha kijana wao Kris Bryant katika timu ya chini kwa muda mfupi mwanzoni mwa msimu, wakamwita Aprili, akamaliza na siku 171. Alichaguliwa mchezaji bora chipukizi wa mwaka huo, na Mchezaji Bora wa ligi mwaka uliofuata. Siku moja iliyopungua ilimchelewesha uhuru kwa mwaka mzima, na malalamiko yake yalikataliwa mwaka 2020. Yeye alifidiwa na kipaji. Utafiti wa maisha ya kazi ya wachezaji wa karne ya 20, uliochapishwa mwaka 2007, ulikuta kwamba wastani kwa wasiokuwa warushaji ni miaka 5.6, na mmoja kati ya watano hucheza mwaka mmoja tu. Pima hiyo na miaka sita. Mchezaji wa kawaida humaliza kazi kabla ya kuifikia siku ya kuulizwa bei yake, na mkataba wa Soto haumhusu kabisa.

Chini yao wapo wengine. Klabu za ligi kuu zina timu katika madaraja ya chini ambako maelfu ya vijana hufunzwa, na mwaka 2021 mchezaji wa daraja la A alikuwa akipata kama dola 11,000 kwa mwaka, wa daraja la mwanzo kabisa dola 4,800. Walilipwa kwa miezi ya mechi tu. Baadhi yao walifungua kesi mwaka 2014 kudai kima cha chini cha mshahara cha sheria. Mwaka 2018, katikati ya muswada mkubwa wa bajeti, Bunge lilipitisha kifungu kilichowaondoa katika ulinzi huo, baada ya ligi kufanya ushawishi. Kesi iliishia kwa mapatano ya dola milioni 185 mwaka 2022. Mwaka huo huo walijiunga na Chama cha Wachezaji, na Machi 2023 mkataba wao wa kwanza ulipandisha daraja la A hadi dola 26,200 na la mwanzo hadi 19,800. Ngazi hii inagusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Tangu timu ya watoto wa Lugazi iliposhiriki mashindano ya dunia ya Little League mwaka 2012, ikiwa ya kwanza kutoka Afrika, besiboli ya Uganda imekua, na vijana wake wamesajiliwa na klabu kama Dodgers na Pittsburgh Pirates. Kijana wa namna hiyo huanzia ngazi za chini kabisa, na mshahara atakaoishi nao kwa miaka kadhaa ni huo uliopatikana kwa majadiliano ya pamoja, baada ya zaidi ya karne moja ya kuambiwa kwamba hauwezekani.

Inabaki hoja ya ukomo wa mishahara, ambayo wamiliki wamekuwa wakiirudisha kadiri mkataba wa sasa unavyokaribia tarehe yake ya mwisho, 1 Desemba 2026. Wanasema ligi za mpira wa kikapu, mpira wa miguu wa Kimarekani na hoki zina ukomo na zinastawi. Ni kweli. Lakini ukomo huko haukuja peke yake. Wachezaji wa ligi hizo wanahakikishiwa karibu nusu ya mapato yanayohesabika, klabu zina kiwango cha chini ambacho lazima zitumie, na ili nusu hiyo ihesabiwe lazima hesabu zionekane. Hoki ilifika hapo kwa kupoteza msimu mzima wa 2004 hadi 2005. Nako usawa haukuwa wa ajabu: ndani ya ukomo huo New England Patriots walitwaa ubingwa mara sita kati ya msimu wa 2001 na wa 2018. Kwa hiyo sisemi kwamba wachezaji wa besiboli wasikubali ukomo katika hali yoyote ile. Ninasema kwamba ukomo usio na kiwango cha chini kwa kila klabu, usio na sehemu ya mapato iliyoandikwa, na usiofupisha ile miaka sita, ni yale makubaliano ya 1879 yakirudi kwa sura ya hesabu: wanunuzi wanapatana bei, muuzaji anaarifiwa. Klabu ya Atlanta Braves, ambayo hisa zake zinauzwa sokoni na kwa hiyo hulazimika kuchapisha hesabu, ilionyesha mapato ya zaidi ya dola milioni 600 kwa mwaka 2023. Klabu nyingi nyingine hazichapishi chochote. Mwajiri anayeomba mfanyakazi apunguziwe kwa sababu biashara ni mbaya ana wajibu wa kuonyesha biashara hiyo, na wamiliki wa besiboli wafungue vitabu vyao kabla ya kutamka neno ukomo mezani.